Kilichompeleka Baba Ndani ya Seng'enge

Shika Adabu,
Likoni, Mombasa.
16 Oktoba, 1988.

Mpendwa mdogo wangu Faki,

Assalaam alaykum. Kabla ya lolote nakuuliza hali. Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimekuachilia? Bado mnapika kwa zamu wewe na wenzako, au mmepata mtu wa kuwapikia? Mama ameniambia nikuulize kama unalala vya kutosha, maana sauti yako kwenye ile kaseti uliyotuletea aliiona ya mtu mwenye usingizi. Tumeisikiliza mpaka utepe umeanza kukwaruza.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama miguu humkaza asubuhi, lakini ikishapata jua hukunjuka, akaenda zake. Watoto wangu wako skuli. Vuli imeanza mapema mwaka huu na mihogo ya upande wa juu imechipua vizuri. Dadetu Dhahabu amejifungua mtoto wa kiume, mnene, na wamempa jina la Baba. Mama akimpakata humwita "mume wangu", tukacheka sote, lakini siku nyingine humrudisha upesi kwa mamake, akaingia ndani.

Sasa, Faki, nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ngowa amenionyesha barua uliyomwandikia. Usimkasirikie, mtoto wa ami hana ubaya na wewe, barua ile ilimwelemea. Umesema unakuja Desemba. Umesema umesikia yule askari ametoka rumande, na kwamba aliyemwaga damu ya babako hawezi kutembea Mombasa hii ilhali wewe u hai. Ukamtaka Ngowa akutafutie anapokaa. Niliisoma jikoni, nikakaa chini pale pale, wali ukaungua.

Sikulaumu. Habari umezipata vipande vipande. Kwanza ile telegramu ya kwamba Baba amefariki na tumeshamzika. Kisha barua zangu fupi za mwaka jana, ambazo hazikusema kitu, kwa kuwa kesi ilikuwa ikiendelea na tuliambiwa tusiandike habari zake. Yaliyobaki umeyapata kwa watu wanaopita huko Maskati, na kila mmoja kaongeza lake. Kesi imekwisha. Nitakueleza yalivyokuwa, yale niliyoyaona mwenyewe na yale yaliyosemwa mahakamani mbele ya watu. Nakuomba kitu kimoja, usome mpaka mwisho kabla hujaamua neno.

Ulipoondoka, lile shamba la mikorosho upande wa mashariki lilikuwa wazi, tukipita humo kwenda kisimani. Wenyewe waliliuza. Aliyenunua hatujamwona hata siku moja, twaambiwa anakaa bara. Likazungushwa seng'enge, likatiwa lango la chuma, ukapigiliwa ubao wa kukataza watu kuingia, na wakaletwa askari wa kulinda kwa upinde na mishale. Watu wengi walinung'unika kwa ajili ya ile njia. Baba hakunung'unika. Alisema mwenye shamba ana haki ya kufunga shamba lake, na tangu siku hiyo akawa anazunguka, ijapokuwa mzunguko wenyewe ni mrefu na magoti yake unayajua.

Kichaka chetu cha bondeni Baba hakukikata mpaka mwisho wake. Watu walimwambia angepanda minazi pale, angekata mkaa, yeye akasema hapana, wale paa watakwenda wapi. Wewe ulimkuta akiwa bado mwindaji, na nyama uliila, lakini sijui kama unayakumbuka masharti yake. Mwenye mimba haguswi, wala anayenyonyesha. Mnyama hategewi kwenye maji, kwa kuwa ana kiu kama wewe. Na ukimjeruhi, siku hiyo huna kazi nyingine, utamfuata mpaka umpate umpumzishe, hata kama nyama yake hutakula. Akivuka mpaka akaingia kwa mtu, unakwenda kwa mwenyewe unapiga hodi kwanza, na akifia humo, paja ni la mwenye ardhi. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, Baba aliukunja wavu wake akaupandisha darini, hakuushusha tena. Lakini masharti yale hakuyapandisha darini. Aliendelea nayo kwa wanyama ambao hata hakuwa akiwawinda.

Mwaka juzi watu wakaanza kutuingilia kichakani na kutega. Hawakuwa wawindaji kama wale wa zamani. Walitega vitanzi vya waya wa breki za baiskeli, wakaviacha siku nyingi, mnyama akaoza kitanzini bila mtu kuja kumtazama. Baba akawa kila asubuhi baada ya chai anashuka bondeni kuving'oa. Alikuwa akirudi navyo mkononi.

Siku moja Ngowa na vijana wenzake wakamkamata mtu. Jina lake Tsofa, alikuwa akifanya kazi ya kibarua Changamwe, kazi ikaisha, akawa amepanga chumba karibu na kwa muuza makuti. Walimleta uani amefungwa mikono kwa kamba, mdomo umevimba. Ngowa alitaka apelekwe kwa chifu, lakini kwanza aonjeshwe kipigo. Baba akasema afunguliwe. Akamletea maji kwa kata, akamngoja anywe.

Kisha akamwambia, "Kuingia kwangu bila hodi nimekusamehe. Hawa uliowatega siwezi kukusamehea mimi. Twende ukawafungulie."

Wakashuka bondeni wote wawili, na Tsofa akaving'oa vitanzi vyake kwa mkono wake. Kwenye kimoja walimkuta funo amekwisha kufa, na Baba akamfanya Tsofa achimbe shimo amfukie. Waliporudi Mama akampa mihogo. Baba akamwambia kuni na uyoga aje achukue akitaka, lakini apitie uani asalimie. Na kweli, Faki, kutoka siku ile Tsofa alikuwa akija. Alikuwa akisimama pale kwenye mnazi ulioinama, anabisha hodi, Mama anamwitikia, ndipo anapita. Ngowa alikasirika. Alisema Baba anawafundisha watu kwamba kwetu hakuna mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Julai, mwaka jana, upepo wa kusi umeshika. Nilikuwa nimekuja na watoto kumsaidia Mama kubangua korosho. Baada ya Alasiri Baba alishuka kumfungua mbuzi, akarudi bila mbuzi. Alikuwa ameona njia ya paa aliyekata kitanzi, anaburura waya na kigingi chake, na damu kwenye majani. Alimwona mara moja kwa mbali. Alikuwa jike, na maziwa yamemjaa.

Mama akamwambia amwache, jua limeshuka, kesho atampata amekufa tu. Baba akasema, "Kesho ndiyo ninayomwogopea." Akavua kanzu akaitundika mlangoni, akachukua kisu cha kuchinjia, akaenda. Sikumuaga. Nilikuwa nimeinama kwenye ungo, nikaona miguu yake inapita tu.

Kile kitanzi kilikuwa cha nani, mpaka leo hatujui. Watu wamemtwika Tsofa. Yeye ameapa kwamba si chake, akalia mbele ya Mama, na Mama amemwamini. Mimi simsingizii, wala siwezi kukuambia ninajua.

Yaliyotokea huko mbele yametoka kinywani mwa Kahindi, ndiye askari, na Baba naye alinieleza sehemu yake kwenye feri. Hayakupishana.

Paa alikwenda mpaka kwenye seng'enge akapenya chini yake. Baba alipofika hapo hakumfuata. Alizunguka mpaka langoni, akapiga hodi, akapiga tena, hakuna aliyeitika. Yule wa langoni alikuwa amekwenda kuchota maji, alikiri mwenyewe mahakamani. Baba akangoja. Alisema alikuwa akiisikia ile waya ikigonga mawe ndani. Mwisho akarudi pale paa alipopenya, akainua seng'enge akaingia.

Wiki chache kabla ya hapo wezi walikuwa wameingia shamba lile wakamkata panga mwenzake Kahindi, akapoteza vidole. Msimamizi akawaambia askari kwamba atakayemwachia mwizi atamfuata mwizi huyo nje ya lango. Kwa hiyo Kahindi alipoona kwa mbali mtu kifua wazi ameinama mikoroshoni, ana kisu, alifikiri alivyofikiri. Alipiga kelele, "Simama, we nani?"

Baba alikuwa amefika karibu sana na yule paa. Paa alikuwa amelala chini ya mkorosho, amechoka, na Baba alikuwa akinyata ili asimtimue akaanza kukimbia tena na mguu ule uliokatwa na waya. Aliposikia kelele hakugeuka. Aliinua mkono, kama ulivyomwona akifanya mara nyingi, kumwambia mtu anyamaze. Na mkono aliouinua ndio uliokuwa na kisu.

Mshale ulimpata ubavuni, chini ya mbavu.

Kahindi alimkimbilia. Anasema alipomgeuza akamwona ni mzee wa jirani, yule aliyekuwa akimsalimia kila siku akizunguka kwenda kisimani, alikaa chini. Baba ndiye aliyesema naye kwanza. Akamwambia, "Mlete huyo karibu nimmalize, kisha tutatazama haya yangu." Kahindi akambeba paa akamlaza mbele yake, akamshika miguu, na Baba akasema bismillahi akamchinja. Ndipo akamwomba amvue ile waya mguuni.

Kisha akamweka Baba mgongoni akamleta kwetu. Mimi nilimwona anatoka bondeni, nikadhani ni mtu amebeba gunia. Angeweza kumwacha pale, Faki. Hapakuwa na aliyeona. Angesema amemkuta mwizi, au angekimbia kwao, asionekane mpaka leo. Alimleta mpaka uani kwetu, akapiga magoti amshushe, na Ngowa alipomkabili na jembe hakuinua mkono kujikinga. Mama alilishika lile jembe.

Tulimpata jirani mwenye pikapu. Kwenye feri foleni ilikuwa mpaka juu barabarani, feri moja imeharibika, na ingawa watu walitupisha, tulingoja. Nilikuwa nimeketi nyuma ya pikapu, kichwa cha Baba mapajani mwangu. Kanga yangu niliyomfunga ilikuwa nzito kwa damu. Tulipokuwa majini akafungua macho akaniuliza, "Yule kijana yuko wapi?"

Nikamwambia amebaki, vijana wamemzuia.

Akasema, "Msimguse, Mwanatatu. Mwambie mamako. Mimi ndiye niliyeingia kwake. Aliniita, nami sikumwitikia."

Nikamuuliza kwa nini hakuitika. Akasema alikuwa akimnyamazisha tu, paa yuko karibu. Alivyolisema ungedhani anamsikitikia yule askari kwa kutokujua.

Akanieleza kidogo kidogo habari ya lango na ile waya, kisha hakusema mengi. Aliniuliza kama mbuzi amefungwa. Nikamwambia amefungwa, na sikuwa najua kama amefungwa.

Hospitalini walimpasua usiku ule ule, na madaktari walijitahidi, sina la kusema juu yao. Alikaa siku mbili. Mama alikuwa naye. Alfajiri ya siku ya tatu alikata roho, akiwa ameshika ncha ya buibui la Mama. Tulimzika kwetu baada ya Adhuhuri, upande wa kibla wa mwembe, karibu na babu. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wakaswalia barabarani. Wewe hukuwepo, na najua hilo linakukereketa kuliko yote. Hata sisi lilitukereketa. Mwenye kuteremka kaburini mbele alikuwa Ngowa, na aliteremka kwa niaba yako, alisema hivyo kwa sauti.

Baada ya mazishi ndipo yalipoanza mengine. Polisi walikuwa wamemchukua Kahindi, wakachukua kisu, waya na mzoga wa paa. Yule msimamizi wa shamba akaandikisha kwamba mzee yule alikuwa na tabia ya kuingia na kuwinda humo. Basi katika makaratasi yao Baba akawa mwindaji haramu. Maneno yakaenea. Madukani watu wakasema, kumbe Mzee Boga aliyekuwa akiwafukuza watu kwa ajili ya vitanzi ndiye mwenye vitanzi. Wengine ni watu waliokula kwetu. Mama alivumilia kifo, Faki, akakaa eda yake kwa utulivu, lakini neno hili lilimpunguza mwili. Alikuwa akiniambia, "Wangesema jingine lolote."

Katika eda yenyewe alinituma mimi na Dhahabu bondeni tumtafute mtoto wa yule paa. Tulikwenda asubuhi kadhaa, tukapekua kila kichaka, hatukumwona. Tuliporudi mara ya mwisho alitutazama mikono tu.

Ngowa naye alikuwa na yake. Siku moja akaja na vijana, wana mafuta ya taa kwenye dumu, wanakwenda kuchoma kibanda cha askari kule ndani, ijapokuwa Kahindi hakuwamo tena na waliokuwamo ni watu wengine kabisa. Mama alitoka mpaka kizingitini, hakupita hapo kwa kuwa yuko edani, akamwita. Akamwambia, "Ami yako aliniusia mimi, hakukuusia wewe. Keti." Ngowa akalitua dumu. Kisha akaketi, na wale wenzake mmoja mmoja wakaondoka. Mafuta ya dumu lile tulitilia taa mpaka yakaisha, moshi ukitutoa machozi.

Kesi ilichukua zaidi ya mwaka. Mama na mimi tulikuwa tukivuka kila ikitajwa, na mara nyingi tunaambiwa imeahirishwa, tunarudi. Siku Kahindi aliposimama kujitetea nilikuwa nimeketi karibu kiasi cha kumwona akitoa jasho shingoni. Alikuwa amekonda. Alieleza kila kitu kama nilivyokuandikia. Wakili wake akamuuliza kama mzee alimjia na kisu. Wakili alimuuliza mara ya pili, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mtoto mlango. Faki, angejibu ndiyo, pengine angekwenda nyumbani siku ile ile, na hakuna ambaye angemkanusha.

Alisema, "Hapana. Alikuwa amenipa mgongo."

Mimi nami niliitwa. Nikasema aliyoyasema Baba kwenye feri, yote, hata yale ya kwamba aliitwa hakuitika. Kabla ya hapo Ngowa alikuwa ameniomba nisiliseme hilo, kwa kuwa litampunguzia mzigo yule mtu. Nilimwambia maneno ni ya Baba, si yangu kuyakata. Jaji akaniomba nionyeshe mkono ulivyoinuliwa. Nikauinua. Nikasikia Mama nyuma yangu anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na ikabidi atolewe nje apate hewa.

Hukumu ilitoka mwezi uliopita. Alionekana na hatia ya kuua bila kukusudia. Jaji alitazama muda aliokaa rumande na jinsi alivyosema kweli, akamwachilia chini ya uangalizi. Na alisema neno jingine ambalo nililingojea kuliko hukumu yenyewe. Alisema marehemu hakuwa akiwinda, kwamba aliingia kumwondolea mnyama mateso, na kwamba alibisha hodi. Mama alinishika mkono akaniuliza kama ameandika. Nikamwambia ameandika.

Lakini huko mahakamani tulikuwa sisi watatu tu wa kwetu, Mama, Ngowa na mimi. Madukani nani angesikia? Basi Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Ngowa aliomba ruhusa kwa imamu akasimama. Ngowa huyo huyo wa dumu. Akawaeleza watu aliyoyasema jaji, akawaambia aliyekuwa na neno juu ya ami yake alilete pale msikitini, si dukani. Nimesimuliwa kwamba watu walimsikiliza mpaka akamaliza. Tangu hapo maneno yamenyamaza. Yule mwenye shamba yeye hakuja, wala hakutuma salamu. Mikorosho ameanza kuikata.

Sasa la mwisho, nalo ndilo nililokuandikia barua hii yote. Wiki iliyopita Kahindi alikuja. Alikuja mchana, na mkewe Kahaso, wamevaa nguo zao za kanisani. Alisimama mbali, nje ya ua, akabisha hodi, na hakuna aliyemwitikia kwa muda mrefu, kwa sababu sote tuliokuwepo tulimjua sauti. Mwisho Mama ndiye aliyesema karibu.

Hawakuketi kitini, waliketi chini. Kahindi akaomba kuonyeshwa kaburi, nikampeleka mimi. Alivua viatu, akasimama. Mkewe ndiye aliyelia. Tuliporudi akapiga magoti mbele ya Mama akamwomba msamaha, akitazama chini.

Mama akamwambia, "Msamaha nilikupa zamani, mwanangu, siku ile ulipomleta mgongoni. Kukutazama ndiko sijaweza. Nenda, na usiache kubisha hodi. Siku nikiweza nitakutazama."

Akaninong'oneza niwape chakula, akaingia ndani akafunga mlango. Nikawapa. Walikula kidogo kwa adabu, wakaondoka, na Mama hakutoka mpaka Magharibi.

Hapo ndipo tulipofika, Faki. Sikuambii umpende yule mtu. Sikuambii hata umpe mkono. Mimi mwenyewe nilimmiminia maji ya kunawa, nusu nikayamwaga chini. Ninachokuomba ni ufike pale alipofika Mama, usipite, usirudi nyuma. Ukija Desemba, njoo moja kwa moja kwetu, usipitie kwa mtu. Yule anapokaa mimi ninapajua, na sitakuandikia. Ukitaka kukasirika, njoo unikasirikie mimi, nitakuwa nimekupikia.

Mama anakusalimu sana na anasema chumba chako kimepakwa chokaa. Dhahabu na mumewe wanakusalimu, na Boga mdogo ataanza kukaa kabla hujafika. Ngowa anakusalimu, alitaka kukujibu mwenyewe, amechana karatasi mbili, akasema nimwandikie kwamba yuko na mimi katika haya. Nifikishie salamu zangu kwa binamu yetu Mwanatabu na watoto wake hapo Maskati, mwambie mdalasini aliotuletea tuliupata. Wasalimu na wale wenzako wa chumbani.

Mungu akulinde barabarani unapoendesha magari yale makubwa, akutie subira kifuani, na akurudishe kwa mamako ukiwa na mikono safi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni,

Mwanatatu Boga